Vipele Nilivyomficha Mama Mkwe

Nilivigundua kwa vidole kabla ya macho. Nilikuwa naoga, mimba ya miezi saba imenitangulia kama gunia la makaa, na kidole kikapita juu ya kitu kigumu pembeni ya uke, upande wa nje, kinachouma kikiguswa. Nikarudia kukigusa. Kilikuwepo. Nikajimwagia maji haraka haraka, nikarudia tena, kana kwamba kingeona haya na kuondoka chenyewe.

Tumbo halikuniruhusu kuinama nione. Basi nilijifunga kitenge nikaingia saluni. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Likasi, kimeelekea barabara wanakopita madereva wa malori ya madini, na vumbi lao ndilo linalonipa kazi ya kuosha vichwa. Nikachukua kioo cha mkono, kile ninachowapa wateja waone kisogo baada ya kusukwa, nikajifungia chumbani, nikachuchumaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mke wa mtu kwa miaka minne, na sikuwa nimewahi kujitazama pale hata mara moja. Nilijua sura ya kisogo cha kila mwanamke wa mtaa wetu kuliko nilivyojua mwili wangu mwenyewe. Kile kigumu kilikuwa chekundu, chenye ncha. Lakini kioo kilinionyesha na vingine ambavyo vidole havikuvisikia: kwa ndani, kwenye mashavu madogo ya uke, kulikuwa na vidoa vingi vidogo, vyeupe vya kuelekea manjano, vimejipanga kama chembe za semulina zilizogandia kwenye sufuria. Sikujua vimekuja lini. Ningejuaje, mahali ambapo sijawahi kutazama?

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na chumbani nilikuwa peke yangu. Kioo nilikiosha kwa sabuni, kisha kwa maji ya javel, yale ya kung'arishia nguo, kisha kwa sabuni tena. Mchana ule mteja alipokishika akajitazama kisogo na kusema nywele zimependeza, nilitamani ardhi inimeze.

Lazima mnielewe kuhusu saluni. Wanawake hukaa pale saa nyingi, kichwa kimeinamishwa, hawaoni uso wa mtu, na mdomo hulegea. Mimi mwenyewe sikuwa mtakatifu. Kama kulikuwa na ndoa ya kuchambua, niliichambua pamoja na nywele. Mwaka mmoja kabla, ililetwa habari ya binti aliyeolewa na mchimbaji wa mashimo ya kule Shinkolobwe. Aliyeileta nilikuwa namsuka, na nakumbuka maneno yake kwa sababu nilicheka sana.

"Bamukwe yake alimuona ile siku ya kwanza ya kumuosha," alisema. "Akatosha mikono mu mai, akaita bantu. Mapele tupu! Bakamurudisha kwabo na beseni yake ku kichwa."

"Na mutoto?" mwingine akauliza.

"Mutoto balibakisha."

Nilicheka, nikasema kwamba hata beseni wangemnyang'anya. Sasa yale maneno yalinirudia kila nilipokaa.

Kwetu mwanamke aliyejifungua hajioshi mwenyewe. Mama mkwe hufika, huwafukuza wote nyumbani, huweka sufuria la maji na majani juu ya mbabula, jiko la makaa, mpaka yachemke, kisha hukulaza kwenye mkeka. Hukukanda tumbo kwa kitambaa cha moto, hukupanua miguu, hukuosha pale pale kama mtu anayesugua chungu. Unalia, yeye anacheka na kukuambia nguvu zinarudi. Hufanyika asubuhi kwa wiki nzima na zaidi. Mama yangu mzazi alifariki, sikuwa na wa kumweka mahali pake. Aliyengoja kuniosha alikuwa mama mkwe, mwanamke wa Kapolowe, mkulima, mrefu, mwenye maneno machache, ambaye kwa miaka minne alikuwa akiniuliza habari za tumbo kwa kunitazama tu. Mimba ilipoingia alituma ujumbe kwamba atakuja yeye mwenyewe, hata kama mahindi yatabaki shambani.

Yaani huyo ndiye angeviona.

Mahali vilikotoka sikuwa na shaka napo. Mume wangu anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya Koni, huondoka mwanzo wa wiki na kurudi mwisho wake. Kichwani mwangu tayari nilikuwa nimemtafutia mwanamke wa Koni, nimemvika kitenge, nimemsuka na nywele. Hasira hiyo ilinisaidia kidogo. Ukiwa na hasira aibu hupungua, kwa saa moja au mbili.

Sikwenda kwa daktari. Nilifanya wanavyofanya wateja wangu wote, nikauliza habari ya "rafiki". Nilimwuliza mama mmoja muuza vitenge, mteja wa siku nyingi, ambaye tunamwita mwenye dawa.

"Mwambie huyo mwenzako akamate ile jiwe ya alun banauzishaka ku soko," alinijibu. "Aponde, atie mu mai ya moto, na ndimu, na munyu. Akae mule asubui na mangaribi. Itakauka yote."

Nikashukuru. Yeye akageuza kichwa chini ya mikono yangu, akauliza, "Huyo mwenzako iko na mimba?"

"Apana," nikasema. Tumbo langu lilikuwa limeegemea mgongo wake.

Nilinunua lile jiwe, shabu nyeupe kama chumvi kubwa, nikalificha kwenye kopo la mafuta ya nywele. Siku ya kwanza liliwasha. Siku zilizofuata lilichoma, nami nikajiambia kuchoma ndiyo kazi yake. Baada ya hapo ngozi ilianza kubambuka. Nilitembea kama bata, wateja wakasema mtoto ameshuka, nami nikasema ndiyo, ameshuka. Kukojoa kukawa jambo la kujiandaa. Vile vidoa vya semulina vilikuwa palepale, havikutingishika, isipokuwa sasa vilikuwa katikati ya kidonda.

Na wakati huo wote niliikimbia CPN, ile siku ya hospitali ambapo wajawazito wote hukaa kwenye mabenchi, huimba, hupimwa uzito na tumbo. Mkunga alikuwa ametuambia mbele ya wote kwamba kuna magonjwa ya chini ambayo mtoto huweza kuyapata wakati wa kutoka, na kwamba safari ijayo wataangalia huko. Nilisikia vizuri, nilikuwa benchi la mbele. Siku ilipofika nilikwenda sokoni kununua meshi, nywele za kusukia. Iliyofuata nikasema nina wateja. Usiku nilimsikia mtoto akigeuka, nami nikamwomba radhi kimoyomoyo, na asubuhi sikwenda. Ni kitu ambacho sipendi kukikumbuka, kwamba nilijua, na aibu ikashinda.

Mume wangu alirudi Jumamosi na samaki wa mto Lufira kwenye mfuko. Hata hakuwa ameuweka chini.

"Kule ku Koni unalalaka na nani?" nikamwuliza.

"Na ba turbine," alisema, akacheka. Yeye ni mtu wa mzaha, na ndiyo sababu nilimpenda. Siku ile nilimchukia kwa sababu hiyo hiyo. Nilimwambia ameniletea ugonjwa, mama yake ataniona, atanirudisha kwetu na beseni, mtoto atabaki. Nilisema kwa sauti kubwa kisha nikakumbuka majirani, nikaendelea kwa kunong'ona, ambayo ni njia mbaya zaidi ya kugombana. Alitaka kuona. Nikamwambia kama atagusa kitenge changu nitapiga kelele.

Akaweka samaki. Akakaa kwenye kiti cha wateja, chini ya picha za mitindo ya nywele, akaonekana mdogo.

"Minye siko na muntu kule," alisema. "Lakini kama haunisadiki, chérie, tuende bote baangalie. Weye na minye. Lundi nitaomba ruhusa ku kazi."

Jumatatu alikaa kwenye benchi la wajawazito. Wanaume hawakai pale. Humleta mke mlangoni, huangalia simu, hutoweka. Yeye alikaa katikati ya matumbo, magoti pamoja, kofia mkononi. Wanawake walianza kumchokoza, na mmoja akamwuliza kwa sauti, "Papa, na weye iko na mimba?"

"Ndiyo, mama," akasema. "Ya kwanza."

Benchi zima likaangua kicheko. Mimi nilitazama sakafu. Nilimwonea aibu, kisha nikajionea aibu mimi kwa kumwonea aibu mtu aliyekuja kwa ajili yangu. Tulitolewa damu sote wawili, naye akabaki nje nikaitwa ndani.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani juu ya paji la uso, na sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka mbali. Kati yetu na benchi palikuwa na pazia tu.

"Iko nini, mama?"

"Kuko mapele," nikanong'ona.

"Wapi?"

"Kule."

"Kule wapi? Ku Kolwezi?"

Nje mtu alicheka. Machozi yakanitoka hapo hapo, na sikuwa hata nimepanda kitandani. Alinitazama, akashusha miwani, na sauti ikashuka nayo. Akafunga dirisha, ambalo halikuhusika na lolote. Akaniambia nilale, nivute pumzi, nimwambie kama inauma.

Alitazama kwa muda ambao niliuona mrefu mno. Nilihesabu matundu ya dari.

"Uliweka nini hapa?"

"Sabuni."

"Sabuni haiunguzake hivi, mama."

Nikamwambia. Jiwe, ndimu, chumvi, asubuhi na magharibi. Nilipofika kwenye chumvi alifumba macho, kama aliyechomwa yeye. Hakunitukana. Alitaja jina la kila kitu bila kunong'ona, akigusa kwa pamba: hapa ni mashavu ya nje, hapa ni ya ndani, hapa mkojo hutokea. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akiyasema bila kucheka.

"Sasa sikia. Hii ndogo-ndogo ya mweupe ni ba-glande, tezi ya mafuta. Bamama mingi banakuwaka nayo. Haiko bugonjwa, haiambukizake, bwana hakukuletea. Hata ku kinywa inatokeaka. Ona." Akavuta mdomo wake wa chini kwa vidole, akanisogelea. Ndani ya mdomo wa daktari mlikuwa na chembe zangu za semulina.

Nilibaki nazitazama mpaka akauachia.

"Hii moja ya kuuma ni nyele ilirudia mu ngozi. Ulinyoa na wembe?"

Ndiyo, nilinyoa, kwa ajili ya CPN yenyewe. Niliona haya kuja na nywele. Akasema nisikikamue, nikikande kwa kitambaa safi na maji ya vuguvugu, niache wembe, kitaisha. Kidonda cha shabu ndicho peke yake kilichohitaji dawa, na akanipa ya kupaka, na kuniambia pale panatosha maji matupu, bila ndimu, bila majani, bila chochote cha sokoni.

Kisha akavua glavu na kukasirika, kwa utulivu, nami ningeona heri apige kelele.

"Juu ya nini haukukuya mbele?"

"Nilisikia haya, docteur."

"Na kama ingekuwa kingine? Malengelenge ya kuuma, kidonda, nyama inaota kama shufleri, ile mboga ya maua, kitu inaendelea kuwa kubwa ao inatoka damu? Kuko ingine tunapashwa kujua mbele ya kuzala. Hapo mutoto njo angeteseka juu ya haya yako. Muntu hawezi kujua na macho yake pekee. Njo kazi yangu."

Nilivaa kitenge, nikakifunga mara mbili. Majibu ya damu yalipotoka yalikuwa mazuri, yake na yangu. Njiani mume wangu hakuuliza mpaka tulipovuka reli.

"Ni mafuta," nikamwambia.

"Mafuta?"

"Ya mwili. Kila muntu iko nayo."

Alitikisa kichwa, akanishika mkono kwenye mtaro. Hangejivuna, si tabia yake, nami sikuomba msamaha siku ile. Nilimkaangia samaki wake, nikampa kipande cha katikati, na nadhani alielewa.

Nilizaa msichana, hospitalini, bila shida. Mama mkwe alifika siku tuliyorudi nyumbani, ana kuku, ana gunia la unga, ana furushi la majani. Alimtazama mtoto kwanza, kwa muda mrefu, kisha mimi, kidogo. Asubuhi yake nilisikia makaa yakialika kwenye mbabula, nikajivutia kitenge. Kujua kwamba si ugonjwa ni jambo moja. Kulazwa mbele ya mama wa mume wako na kupanuliwa miguu ni jambo jingine, na kovu la shabu lilikuwa bado jeusi.

"Mama," nikasema, "docteur alisema nijioshe minye mwenyewe."

"Docteur njo alizala bwana yako?"

Nikalala kwenye mkeka. Nilichopata kwa kuomba ni maji yasichemke na majani yabaki kwenye furushi. Alinung'unika, lakini akakubali. Alinikanda tumbo, mikono yake migumu ya jembe, kisha akashuka. Nikafumba macho.

Mkono ukasimama. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye kitambaa kurudi kwenye beseni. Nikangoja aite watu.

"Hii ilianza lini?" akauliza.

Nikasema yote kwa mkupuo mmoja kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni: vidoa ni mafuta, kovu ni jiwe la soko, upumbavu wangu, damu yetu ilipimwa, mtoto wako hana kosa, mimi sina kosa, daktari naye anavyo ndani ya mdomo, niliviona mwenyewe. Nilipotua kuvuta pumzi hakuwa amesogea.

"Haiambukizake bwana?"

"Apana, mama."

"Bwana hawezi kufa juu yake?"

Nikafungua macho. Swali hilo sikulitegemea. "Apana, mama. Haiko bugonjwa."

Akaanza kuosha tena, polepole kuliko mwanzo. Alikuwa anakitazama kitambaa, si mimi.

"Minye pia niko nayo," alisema. "Tangu ubinti."

Mtoto alikoroma kwenye kitanda. Nilijua kitu kimoja kuhusu ndoa ya mama mkwe, kile ambacho ukoo wote unakijua: kwamba alizaa mtoto mmoja, kisha kiburi kikamwingia, akamkataa mumewe. Wanasema hivyo hata kwenye matanga. Mimi pia nilikuwa nimesema, saluni.

"Ile siku baliniosha, wakati nilizala bwana yako, bamukwe yangu aliona," alisema. "Akasema ni kisirani, mwanaume akilala na minye atakufa. Akanikataza kusema. Basi nikatosha mukeka yangu, nikalala mu jikoni. Baba yake alikuwa anakuya ku mulango, ananiita mupole-mupole. Sikufungula. Alingoya sana, ule mwanaume. Miaka. Kisha akaoa ingine ku Kambove."

Akakamua kitambaa.

"Alikufa akifikiri nilimukatala."

Nilikuwa nimelala pale na aibu yangu ya miezi miwili, na yeye alikuwa na ya maisha yote, na nilikuwa nimeicheka bila kujua ni ipi. Nilitaka kumshika mkono lakini ulikuwa kazini. Alinisafisha mpaka mwisho, akanikausha, akanifunga kitambaa tumboni kwa nguvu, akanifunika kitenge kipya. Akainua beseni akaenda kumwaga maji uani. Alikaa huko muda mrefu kuliko kazi ya kumwaga maji.

Aliporudi alisimama mlangoni na beseni tupu kiunoni.

"Ule docteur," alisema, "anapokeaka na bamama bazee?"

"Anapokeaka, mama."

"Ataniambia ni mafuta?"

"Sijui. Ataangalia kwanza."

Akaweka beseni chini. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimwona hajui aweke wapi mikono.

"Basi nitangoya upate nguvu," alisema. "Utaingia na minye. Minye sitaweza kusema ni wapi."